Mtandao wa CAN ndani ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yasiyoisha gerejini: ya wenye magari waliochoka kubadilisha vipuri, ya mafundi wa waya wa Nairobi kutoka Kirinyaga Road hadi Industrial Area, na ya vijana wanaonunua bodi za elektroniki Luthuli Avenue ili waunde vifaa vyao. Majibu hayana urefu sawa kwa sababu maswali hayana uzito sawa. Kama gari lako limekwama sasa hivi, ruka hadi swali la ohmu 60.

Huo mtandao wa CAN ni kitu gani hasa?

Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zinazopita ndani ya gari zikiunganisha kontrolboksi zake: ya injini, ya gia, ya ABS, ya mifuko ya hewa, ya usukani wa umeme, ya dashibodi, ya milango. Kontrolboksi hizo huitwa pia moduli. Kila moja inajua jambo ambalo wenzake wanalihitaji. ABS ndiyo inayosoma mwendo wa magurudumu, lakini mshale wa spidi uko kwenye dashibodi, na gia nayo haiwezi kubadilika vizuri bila kujua mwendo huo. Zamani kila habari ilipewa waya wake, na mafungu ya nyaya yakawa mazito, ghali na magumu kutengeneza.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kushughulikia tatizo hilo mwaka 1983, ikatangaza jibu lake Detroit mnamo Februari 1986. Chipu za kwanza, za Intel na Philips, zilitoka mwaka uliofuata, na mwaka 1993 mfumo ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Karibu kila gari linaloshushwa Mombasa leo linao.

Nyaya mbili tu, na moduli zote hizo? Mbona hazigongani?

Swali zuri, na jibu lake ndilo jambo tamu kuliko yote katika mfumo huu.

Waya mmoja huitwa CAN-H, mwingine CAN-L. Laini ikiwa imetulia, zote mbili hukaa kwenye volti 2.5 hivi, nayo hali hiyo husomwa kama 1. Moduli ikitaka kutuma 0, huusukuma H hadi volti 3.5 na kuushusha L hadi 1.5. Anayepokea haangalii volti ya waya mmoja, anaangalia tofauti kati ya hizo mbili. Kelele ya umeme kutoka kwa koili au alaneta ikivamia, huzipanda nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja, na tofauti inabaki ileile. Ndiyo maana zimesokotwa.

Sasa kuhusu kugongana. Hakuna msimamizi anayegawa zamu. Kila moduli husikiliza, na ikiona laini imetulia inaanza kutuma, huku ikisoma kilichoko kwenye waya. Kila ujumbe huanza na namba yake: biti 11, yaani tarakimu 11 za 0 au 1, katika muundo wa kawaida, biti 29 katika muundo mrefu. Na umeme umepangwa hivi kwamba 0 hulishinda 1 daima.

Chukua moduli mbili zilizoanza kwa pamoja, moja ikituma ujumbe namba 0C0 na nyingine 0C4, kwa hesabu ya heksadesimali, yaani ya msingi wa 16. Kwa biti, ya kwanza ni 00011000000 na ya pili ni 00011000100. Biti nane za mwanzo zinafanana, kwa hiyo hakuna inayojua kwamba haiko peke yake. Kwenye biti ya tisa, moja inatuma 0 na nyingine 1. Waya unaonyesha 0. Iliyotuma 1 inaona kwamba kilichomo sicho ilichotuma, inanyamaza papo hapo, na itajaribu tena baadaye. Iliyoshinda inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni kama baraza la wazee: wawili wakianza kusema pamoja, wa rika la chini hunyamaza, na aliyebaki harudii maneno aliyokwisha kusema.

Kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye haki ya njia. Mwunda gari huzipa namba ndogo habari zisizosubiri, kama za injini na breki, na namba kubwa mambo ya kiyoyozi.

Hesabu hii ina gharama moja. Moduli iliyo mwisho huu na iliyo mwisho ule lazima zione biti ileile kabla haijapita, ndiyo maana mwendo wa kutuma biti ukipanda, urefu wa waya unapungua. Kwa megabiti 1 kwa sekunde, waya usizidi mita 40 hivi. Kwa kilobiti 125 unaweza kufika mita 500. Laini kuu ya magari madogo mengi huenda kwa kilobiti 500, ambapo biti moja hudumu sekunde 2 za milioni.

Fundi, nimeambiwa kontrolboksi ya injini imekufa ninunue nyingine. Kodi ya hitilafu, ile namba inayotolewa na mashine ya kupimia, ni U0100. Ninunue?

Ngoja kwanza, usitoe pesa.

Kodi zinazoanza na herufi U ni za mawasiliano. U0100 inasema hivi tu: moduli fulani imesubiri habari kutoka kontrolboksi ya injini na haikuzisikia. Haisemi kwa nini. Ukimpigia mtu simu asipatikane, huendi kumchimbia kaburi. Huenda kontrolboksi haipati umeme kwa sababu ya fyuzi au rilei. Huenda waya wa athi (wa hasi) umeshika kutu pale ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Huenda waya mmoja wa CAN umekatika kabla ya kuifikia. Baada ya hayo yote kuondolewa ndipo mtu aseme boksi yenyewe ni mbovu.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa boksi ya mitumba hakuambii mapema: katika magari mengi yenye kinga ya ufunguo, boksi iliyotoka gari jingine haitawasha injini yako mpaka ioanishwe na funguo zako. Utakuwa umenunua tatizo la pili.

Swali la kumuuliza fundi wako ni moja: "Umepima laini ya CAN ukapata ohmu ngapi?" Asipokuwa na jibu, bado hajaanza kazi.

Ohmu 60 ni za nini, na zinapimwaje?

Kila mwisho wa laini ya CAN huwekwa rezista, kipuri kidogo kinachopinga umeme, ya ohmu 120, ili mawimbi ya umeme yasigonge mwisho wa waya na kurudi kuvuruga biti zinazofuata. Rezista mbili za 120 zilizowekwa sambamba hutoa 60. Hicho ndicho kipimo cha afya, na multimita ya bei rahisi inatosha kukisoma.

Ondoa kichwa cha hasi cha betri na usubiri dakika chache moduli zitulie. Tafuta soketi ya kupimia gari, ile ya pini 16 iliyo chini ya usukani. Weka multimita kwenye ohmu, pini 6 na pini 14. Pini 6 ni H, pini 14 ni L.

Ukipata 60 au karibu yake, waya mkuu ni mzima na rezista zote mbili zipo. Ukipata 120, mwisho mmoja umepotea: waya umekatika mahali, au soketi ya moduli yenye rezista imechomoka. Ukipata karibu na sifuri, H na L zimegusana, au kuna moduli iliyoungua ndani ikaziunganisha.

Ukipata 40, kuna mtu aliyeongeza rezista ya tatu. Hii tunaiona zaidi ya watu wanavyodhani. Iliwahi kuletwa Toyota Fielder ambayo taa za ABS na usukani ziliwaka zikizimika bila mpango, na mwenyewe alikuwa ameshabadilishiwa sensa za magurudumu. Kipimo kilikuwa 40. Tulifuata waya hadi nyuma ya redio, na pale, chini ya tepu nyeusi iliyoyeyuka gundi, palikuwa na traka (kifaa cha kufuatilia gari liko wapi) iliyofungwa na mkopeshaji wa mwenye gari wa kwanza. Mkopo ulishalipwa, gari likauzwa, traka ikabaki imeng'ang'ania laini na rezista yake. Ilipoondolewa, multimita ikasoma 60.

Tahadhari moja. Magari mengi mapya, hasa ya Ulaya, yana moduli lango kati ya soketi ya kupimia na laini za ndani. Hapo unachopima ni kipande kifupi tu hadi kwenye lango, na namba inaweza kuwa tofauti bila kuwepo ubovu. Tafuta mchoro wa waya wa gari hilo kabla ya kuhukumu.

Baada ya ohmu, rudisha betri, fungua swichi ya ufunguo, na upime volti za kila waya dhidi ya athi, pini 4 au 5. H iwe juu kidogo ya 2.5 na L chini kidogo. Ukizijumlisha zikaribie 5. Waya ukisoma 0 umegusa bodi ya gari. Ukisoma 12 umegusana na waya wa betri.

H na L zimegusana. Nitaijuaje moduli yenye hatia?

Acha multimita pale pale kwenye pini 6 na 14, betri ikiwa imeondolewa, na uchomoe soketi za moduli moja baada ya nyingine. Namba ikiruka kutoka sifuri kwenda juu, umempata. Anza na kila kilichoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: alamu, traka, redio, kamera. Kisha moduli zinazokaa karibu na maji. Za ndani ya dashibodi ziwe za mwisho, maana kuifungua dashibodi ni kazi ya siku nzima.

Gari langu lilifunikwa na maji wakati wa mafuriko. Lilikauka likawaka, sasa kila wiki lina kodi mpya.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituachia magari mengi ya namna hii Nairobi. Maji ya barabarani yana tope na chumvi. Yakiingia kwenye soketi iliyo chini ya zulia, huacha ukijani kwenye pini za shaba hata baada ya kukauka, na ukijani huo huongeza ukinzani kidogo kidogo. Toa mazulia, usafishe soketi kwa dawa ya kusafishia elektroniki, na pini iliyolika ibadilishwe. Kufuta kodi kwa mashine kila wiki ni kumlipa fundi akufiche ugonjwa.

Panya nao wasisahauliwe, hasa kwa magari yanayolala nje. Waya wa CAN ni mwembamba na panya hana heshima.

Taa zote za dashibodi huwaka kwa mpigo nikiwa Thika Road, nikizima na kuwasha zinapotea. Ni pepo?

Ni hesabu. Kila moduli huhesabu makosa yake: ikishindwa kutuma ujumbe, huongeza 8, ikifaulu, hupunguza 1. Ikipita 127 huanza kujizuia, na ikipita 255 hujitoa kabisa kwenye laini ili isiwaharibie wenzake. Zinazobaki zinaona mwenzao kanyamaza, na kila moja inawasha taa yake. Ukizima na kuwasha, hesabu inaanza upya.

Kwa hiyo tafuta kitu kinacholegea kwa mtikisiko au joto: soketi isiyojifunga, waya unaosuguana na chuma, athi iliyolegea. Muda wa tukio na barabara uliyokuwa nayo vinamsaidia fundi kuliko picha ya dashibodi.

Ukikatika, naweza kuunganisha waya wa CAN kama waya mwingine?

Ndiyo, ila usiache sehemu ndefu bila kusokotwa, lehemu badala ya kupindapinda kwa mkono, na usiunganishe nyaya mbili mahali pamoja. Achanisha viungo visije vikagusana.

Adapta ya ELM327 ya bei ndogo, ya kusomea kodi za gari, haiungani na gari langu la Japani. Ni mbovu?

Labda. Nyingi sokoni ni nakala, na baadhi hujiita toleo jipya huku zikiwa zimepunguzwa uwezo. Lakini mara nyingi tatizo ni gari. Marekani ililazimisha soketi na lugha moja ya kupimia magari, OBD-II, kuanzia mwaka 1996, na kuanzia magari ya modeli ya 2008 ikalazimisha CAN iwe ndiyo laini ya kupimia. Gari lililoundwa kuuzwa ndani ya Japani halikufungwa na sheria hiyo. Linaweza kuwa na soketi ya umbo lilelile lakini linazungumza itifaki, yaani lugha, ya kampuni yake. Hapo utahitaji mashine inayolijua gari hilo.

Na usiiache adapta kwenye soketi usiku. Pini 16 ina umeme wa betri muda wote, na baadhi ya adapta huzizuia moduli zisilale. Asubuhi utaomba jirani waya wa kuwashia.

Nataka kusoma mwenyewe mzunguko wa injini. Ujumbe unafananaje?

Unauliza kwa namba 7DF, ambayo moduli zote za kupimia huisikiliza:

7DF: 02 01 0C 00 00 00 00 00

Kila jozi ya tarakimu ni baiti moja, yaani biti nane. 02 ni idadi ya baiti zinazofuata zenye maana, 01 ni kuomba habari za sasa, 0C ni mzunguko wa injini. Kontrolboksi ya injini hujibu kwa namba 7E8:

7E8: 04 41 0C 0B B8 00 00 00

41 inathibitisha swali lako. Thamani ni 0B na B8. 0B ni 11, zidisha kwa 256 upate 2816, B8 ni 184, jumla 3000, gawanya kwa 4. Injini inazunguka mara 750 kwa dakika, yaani imetulia tu. Joto la maji ya rejeta ni rahisi zaidi: uliza 05, toa 40 kwenye jibu. Ukipata 7E, ambayo ni 126, joto ni nyuzi 86.

Kwenye Linux huhitaji kununua programu. Msaada wa CAN, uliotoka kwa watafiti wa Volkswagen, umo ndani ya Linux tangu 2008, na vifaa vya can-utils ni vya bure.

Nimenunua moduli ya MCP2515, bodi ndogo ya kuunganisha kompyuta na CAN, huko Luthuli, programu inasema sawa lakini hakuna ujumbe hata mmoja.

Angalia kristali, kile kichuma cha fedha kilichoandikwa namba. Moduli nyingi zinazouzwa huku zina kristali ya megahezi 8, huku programu za mifano nyingi zikidhani ni 16. Mwendo wako wa kutuma biti unakuwa nusu ya unaodhani. Rekebisha hapo kwanza.

Pili, ile jampa ya rezista, kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili ili rezista ifanye kazi. Ukijiunga na gari lenye 60 zake tayari, iondoe, la sivyo utakuwa yule wa ohmu 40. Ukiwa mezani na bodi mbili tu, iache pande zote mbili.

Tatu, bodi moja pekee haiwezi kufaulu kutuma. CAN inataka angalau msikilizaji mmoja athibitishe kila ujumbe. Asipokuwepo, mtumaji atarudia bila kikomo. Mwanafunzi mwenye bodi moja hudhani ameiunguza, kumbe haina wa kuijibu.

Wenye ESP32, bodi nyingine ndogo ya kompyuta, wana kidhibiti cha CAN ndani tayari. Ongeza tu chipu ya kuunganisha na laini, kama SN65HVD230 inayotumia volti 3.3. Na kwa gari linalotembea, soma tu. Usitume chochote ukiwa barabarani.

LIN, FlexRay na MOST ni nini?

Ni mitandao mingine ya ndani ya gari. LIN ni waya mmoja wa volti 12 wa mambo madogo: vioo, viti, waipa. Una bwana mmoja na watumwa wachache, na hauzidi kilobiti 20 kwa sekunde. FlexRay ni wa megabiti 10, ulianzia kwenye BMW X5 ya 2006, na hutauona sana hapa. MOST ni wa muziki na video, kwa nyuzi za mwanga; ukikatika, redio nzima hunyamaza.

Malori na mabasi makubwa yanatumia kitu hichohicho?

Waya ndio uleule, lugha ni nyingine: J1939, yenye namba za biti 29, kwa kawaida kilobiti 250, na soketi ya mviringo ya pini 9. Ukiona soketi ya kijani, mara nyingi ni ya kilobiti 500. Uzuri wake ni kwamba maana ya ujumbe mwingi imewekwa wazi na ni moja kwa makampuni yote, kwa hiyo mwenye malori ya Mombasa Road anaweza kusoma mafuta na mzunguko wa injini kwa kifaa kimoja. Kama unafunga traka kwenye lori jipya, omba kisomaji cha kubana juu ya waya bila kuuchubua. Kinagharimu zaidi, lakini hakigusi shaba wala kuleta ubishi wa waranti.

Na magari ya umeme?

CAN imo kwa wingi zaidi. Betri, mota na chaja huzungumza humo muda wote. Nissan Leaf kutoka Japani ikichomekwa chaja ya haraka ya CHAdeMO, gari na chaja huelewana kwa CAN ya kilobiti 500 kabla umeme mkubwa haujaruhusiwa. Chaja za mfumo wa GB/T wa China nazo hutumia CAN, ya kilobiti 250. CCS ya Ulaya iko tofauti. Chaja ikikataa, pima pini ndogo za mawasiliano kabla ya kulaumu betri.

Ni kweli wezi wanaiba gari kupitia taa ya mbele?

Ni kweli. Mwaka 2022 RAV4 ya mtaalamu wa usalama wa magari, Ian Tabor, iliibwa London baada ya wezi kuifungua sehemu ya taa ya mbele. Mwenzake Ken Tindell alieleza mbinu hiyo mwaka 2023: kifaa cha wezi hujiunga na laini ya CAN pale kwenye taa na kutuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo halali upo. CAN ya asili haimuulizi mtumaji yeye ni nani. Bampa au taa iliyolegezwa bila sababu asubuhi ni jambo la kulishughulikia siku hiyohiyo. Swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta, iliyofungwa na mtu unayemwamini, bado ina kazi yake.

Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Mtandao unaweza kunionyesha ukweli?

Wakati mwingine. Katika magari mengi ya kisasa umbali huhifadhiwa pia na moduli nyingine, na mrudishaji mvivu hubadilisha dashibodi tu. Mwombe fundi mwenye mashine kamili asome kila moduli kabla hujalipa. Zikitofautiana, una jibu. Zikilingana, bado mtazame usukani, pedali na kiti cha dereva.

Nina mashine za kiwandani, si gari. Nitumie CAN au RS-485?

Kama mashine zako tayari zinazungumza Modbus, lugha ya mashine za kiwandani iliyopo tangu 1979, baki na RS-485, waya unaoibeba. Ni rahisi na vipuri vyake havikosekani. Kama unaunda mfumo mpya wenye vidhibiti vingi vinavyopaswa kupeana habari bila bwana mmoja kuwauliza kwa zamu, CAN na CANopen, lugha yake ya kiwandani, zitakuondolea kazi kubwa ya programu.

Magari mapya yanaacha CAN yahamie Ethaneti, mtandao wa waya wa kompyuta?

Kamera na skrini zimehamia huko, kwa jozi moja ya waya na megabiti 100 au 1000 kwa sekunde. CAN yenyewe imeongezwa nguvu: CAN FD iliyotangazwa na Bosch mwaka 2012 hubeba baiti 64 kwa ujumbe mmoja badala ya 8. Kisomaji cha zamani hakiielewi, na kikilazimishwa kwenye laini hiyo kitaona kila ujumbe wa FD kuwa kosa na kuukatiza. Ukinunua adapta leo, lipa zaidi upate inayoijua FD.